Cheti Ukutani, Grenda Bila Kava: Kwa Nini Mafunzo ya Usalama Kazini Hayawaingii Watu Wazima

Ajali ikitokea kwenye gereji za Unga Limited hapa Arusha, au kwenye jengo linalopandishwa ghorofa Moshi mjini, kauli mbili husikika kabla hata majeruhi hajafikishwa hospitali. Ya kwanza ni ile ya siku zote: "Ajali haina kinga." Ya pili hutoka kwa msimamizi: "Lakini si alishapewa mafunzo?" Watu wanazitamka zote mbili kwa pumzi moja, ingawa zinapingana. Kama ajali haina kinga, mafunzo yalikuwa ya nini? Na kama mafunzo yalitolewa kweli, imekuwaje fundi aliyeketi darasani, akasaini karatasi ya mahudhurio na kupewa cheti, akutwe juma lililofuata anakata chuma kwa grenda isiyo na kava?

Swali hilo la pili ndilo nitakalolishughulikia, maana naona linawachanganya waajiri na wafanyakazi sawasawa. Mwajiri anajiona ametimiza wajibu, mfanyakazi anaonekana mkaidi, na mambo yanaishia hapo mpaka aumie mwingine. Mimi naamini tatizo kubwa liko kwenye namna mafunzo yenyewe yanavyotolewa. Mengi yameandaliwa kama somo la darasa la tano: kaeni, nyamazeni, sikilizeni, andikeni. Mtu mwenye miaka 40, aliyelisha familia kwa mikono yake tangu ujana, hajifunzi kwa njia hiyo, na kumlaumu hakutarudisha kidole chake.

Kwanza tuelewane maneno

Kihatarishi ni kitu chochote mahali pa kazi chenye uwezo wa kumdhuru mtu: waya uliochubuka, ngazi iliyolegea, dawa ya kupulizia maua, vumbi la jiwe linalokatwa, gunia zito, hata ratiba inayowakimbiza watu kupita kiasi. Ajali hutokea kihatarishi kinapokutana na mwili wa mtu. Katikati ya hivyo viwili kuna jambo la tatu lisilozungumzwa sana, nalo ni tukio la nusura: kipande cha nondo kimedondoka kutoka ghorofa ya tatu, kikaangukia mahali fundi alipokuwa amesimama dakika moja nyuma. Watu wanacheka, wanamshukuru Mungu, kazi inaendelea. Kesho nondo nyingine itadondoka.

Mafunzo ya usalama ni kumwezesha mtu atambue kihatarishi, ajue la kufanya, na aweze kulifanya kwa mikono yake mwenyewe akiwa amechoka na bosi anamharakisha. Kubandika bango lenye fuvu la kichwa ni kutoa taarifa. Kusoma kanuni kwa sauti mbele ya watu 60 ni kutoa taarifa pia. Taarifa ina kazi yake, lakini haijamfikisha mtu kwenye kuweza.

Kwa Tanzania Bara, wajibu huu uko katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2001. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, lakini huo hulipa mtu akishaumia au akishaugua. Kimataifa, mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Shirika hilohilo linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu zinazotokana na kazi, na sehemu kubwa yao huuawa na magonjwa, siyo ajali. Hilo la magonjwa tulishike, maana litarudi.

"Miaka ishirini sijawahi kuumia"

Hii ndiyo kauli ngumu kuliko zote kwa anayefundisha watu wazima, na wakufunzi wengi huikwepa au kuidharau. Inastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu anayeisema hasemi uongo.

Chukua grenda. Ile ndogo ya inchi nne na nusu, ambayo karibu kila fundi wa kuchomelea anayo, huzunguka mara zipatazo 11,000 kwa dakika. Diski yake imetengenezwa kuhimili mwendo huo. Sasa fundi ana bomba nene, diski ndogo haifiki ng'ambo. Anachofanya ni kung'oa kava, kisha kuvalisha diski ya grenda kubwa, ya inchi tisa. Diski hiyo imeandikwa ubavuni mwisho wa mizunguko inayoruhusiwa, na kwa kawaida ni kama 6,600 kwa dakika. Kwa mizunguko hiyo iliyoruhusiwa, ukingo wa diski tayari unakwenda kilomita zaidi ya 280 kwa saa. Ikivalishwa kwenye mashine ndogo inaweza kukaribia 480. Ikipasuka, vipande vyake vinaruka kwa kasi hiyo, na kava ambalo lingevikinga liko chini ya meza.

Lakini mara nyingi haipasuki. Fundi amekata bomba, mteja amelipa, jioni imefika. Kesho anarudia. Kila anaporudia na kutoka salama, mwili wake unapokea somo moja, kwamba njia hii ni ya haraka na haina neno. Baada ya miaka ishirini somo hilo limerudiwa maelfu ya mara. Mkufunzi anakuja na saa mbili za maelezo kushindana na maelfu ya marudio. Ndiyo maana cheti kinabaki ukutani na kava linabaki chini ya meza.

Kwa magonjwa hali ni mbaya zaidi. Anayekata mawe au kutoboa mwamba bila kinga ya vumbi hahisi chochote leo wala mwaka huu. Vumbi la mawe yenye silika, madini yaliyomo kwenye mawe mengi magumu, hukaa kwenye mapafu likiyatia makovu polepole, na dalili zaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Uzoefu wake wote unamwambia yuko salama mpaka siku pumzi inapokatika akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila taabu. Hapa uzoefu hauna namna ya kumfundisha kwa wakati. Lazima afundishwe na mtu.

Kwa hiyo ule usemi kwamba mzoefu hahitaji mafunzo ni wa kuachwa. Na mwenzake, kwamba mzee hafundishiki kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi, nao uachwe. Mtu mzima anafundishika vizuri sana, ila huwezi kuanza kwa kumwambia kwamba miaka yake ishirini haina thamani. Na maafisa wetu wengi wa usalama ni vijana waliotoka vyuoni karibuni, wanaowafundisha watu wa rika la baba zao. Ukisimama mbele ya mzee wa namna hiyo na kumwonyesha kidole, umeshampoteza, hata akibaki amekaa kwenye kiti.

Angalia kijana mwenye busara anavyoingia:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo mzee. Nilikuwa naomba unieleweshe. Hili jiwe la kunolea, kabla hujalifunga kwenye mashine, unajuaje kama halina ufa?"

Mzee analichukua jiwe, analining'iniza kwenye kidole, analigonga kidogo kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Linatoa mlio mwembamba, safi. "Ukisikia hivi, zima. Likilia bwi, kama chungu kilichopasuka, hilo usilifunge."

"Na vijana wako hapa, wanalijua hilo?"

Mzee anakaa kimya kidogo. "Hawajui. Hawaulizi."

Kipimo hicho cha mlio ni cha kweli, na watengenezaji wa mawe ya kunolea wanakielekeza. Mzee alikuwa nacho kichwani miaka yote bila mtu kumwomba akifundishe. Kuanzia hapo kijana anaweza kumgeuza mzee kuwa mkufunzi mwenzake, kisha wakaenda pamoja kwenye ile diski ya inchi tisa. Amwombe asome namba iliyoandikwa kwenye diski, kisha namba iliyo kwenye kibati cha grenda. Azilinganishe mwenyewe, mbele ya vijana wake. Namba zikitoka mdomoni mwake zina uzito ambao slaidi haziwezi kuupata, na vijana watamfuata yeye kuliko watakavyomfuata afisa.

Jambo hili si geni kwetu

Kuna elimu nzima inayohusu namna watu wazima wanavyojifunza, nayo huitwa andragojia. Aliyeieneza zaidi katika karne ya 20 ni Mmarekani Malcolm Knowles. Kwa ufupi anasema mtu mzima anataka kujua kwa nini anajifunza jambo, anakuja na uzoefu wake na anataka utumike, anajali yale yanayotatua shida ya leo, na anataka kushiriki katika kuamua.

Lakini Mtanzania hahitaji kwenda mbali kuyakuta haya. Mwaka 1964, akizindua mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema lazima tuanze kuelimisha watu wazima, kwa kuwa athari za elimu ya watoto zingechukua miaka mitano, kumi hata ishirini kuonekana, ilhali mitazamo ya watu wazima inafanya kazi sasa hivi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vidogo kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi cha redio, kiongozi wao akasoma kijitabu, wakajadili hali ya kijiji chao wenyewe, kisha wakaamua la kufanya. Wakachimba vyoo, wakasafisha maeneo ya maji, wakafyeka vichaka walimojificha mbu. Wengi wao walikuwa hawajakanyaga darasa.

Ukiitazama vizuri kampeni ile, utaona kila kinachokosekana katika mafunzo mengi ya leo. Kikundi kilikuwa kidogo, lugha ilikuwa Kiswahili, mazungumzo yalihusu mahali walipo, na kila kikao kiliishia kwenye jembe. Leo mfanyakazi wa shamba la maua anaonyeshwa slaidi za Kiingereza zenye picha za kiwanda cha ng'ambo, halafu anaulizwa kama ana swali. Atauliza nini?

Utafiti nao umefika palepale. Mwaka 2006 Michael Burke na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 95 kuhusu mafunzo ya usalama, zilizohusisha wafanyakazi karibu 21,000 katika nchi 15. Walilinganisha mbinu za aina tatu: zile za kusikiliza na kutazama tu kama mihadhara na video, zile za katikati, na zile ambazo mfanyakazi anatenda, anajadili na kusahihishwa. Hizo za mwisho zilikuwa na nguvu takriban mara tatu kuliko za kwanza katika kujenga maarifa na stadi. Tofauti ya mara tatu, huku mwajiri akilipia ukumbi uleule na chai ileile.

Kutenda kunaonekanaje

Tuingie shambani, maana pembezoni mwa Arusha, kuelekea Tengeru na Usa River, wako watu wengi wanaoshika dawa za mimea kila juma.

Mkufunzi anajaza maji kwenye bomba la kupulizia la mgongoni na kumimina rangi nyekundu ya chakula. Hakuna dawa. Mpuliziaji anavaa shati jeupe la zamani na suruali nyeupe, glavu mkononi, kisha anapuliza tuta moja kama anavyofanya siku zote. Wenzake wanatazama. Akimaliza, anasimama katikati na kila mtu anatafuta palipo na wekundu. Upo kwenye mapaja, kwa sababu alikuwa akitembea kuelekea pale alipokwisha kupuliza. Upo mgongoni, mahali mfuniko wa bomba haukukazwa. Upo shingoni, alipojikuna. Halafu anaambiwa avue glavu, na anazivua kama wengi tunavyovua, kwa kuvuta ncha za vidole kwa mkono mwingine ulio wazi. Vidole vinatoka vyekundu.

Hapo mkufunzi hana haja ya kuhutubia. Anauliza tu, "Saa hizi mngekuwa mnakwenda kula?" Kisha wanajadili: tembea kwa kurudi nyuma au kukwepa tuta lililopulizwa, kaza mfuniko, osha glavu zikiwa bado mkononi kabla ya kuzivua. Anapuliza tena na shati jingine. Wekundu umepungua, na wameuona ukipungua.

Katika kikao hichohicho unaweza kuweka mezani makopo matupu ya dawa yaliyooshwa na kuangalia ukanda wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, kisha bluu, kisha kijani. Asiyesoma anaweza kuufuata. Lakini wengi huamini kijani maana yake ni salama, na wengine hupulizia dawa hiyo bila glavu. Kijani inasema tu kwamba uwezekano wa kuua papo hapo ni mdogo kuliko za juu yake, na bado ni dawa ya kuvaliwa kinga. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inayosajili dawa hizi, makao yake yako Ngaramtoni, mwendo mfupi kutoka mjini, na kutaka kujua kama dawa imesajiliwa ni haki ya mfanyakazi pia.

Namna hii ya kufundisha ina mpangilio wake wa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia viwanda vya Marekani vilijaa watu wapya wasiojua kazi, na serikali ikawafunza wasimamizi zaidi ya milioni moja namna ya kuelekeza kwa hatua nne. Mwandae mtu: atulie, jua anachokijua tayari. Mwonyeshe kazi polepole, hatua moja moja, ukisema kwa nini. Mwache afanye mwenyewe huku akikueleza anachofanya. Kisha mfuatilie siku zinazofuata. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, mwalimu hajafundisha.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa sana. Mahotelini kwetu, kwa mfano, mitungi ya kuzimia moto imetundikwa kila korido, na wafanyakazi wameonyeshwa slaidi za namna ya kuitumia. Waulize wangapi wamewahi kuchomoa pini. Mtu ambaye hajawahi kuishika hajui kwamba ni mizito, hajui kelele yake, na zaidi ya yote hajui kwamba mtungi wa kawaida wa mkononi humalizika chini ya nusu dakika. Anadhani ana muda. Mtungi mmoja uliokaribia kuisha muda wake, ukitumiwa uani kwa mazoezi, unafundisha hayo yote asubuhi moja, pamoja na kukumbusha namba 114 ya Zimamoto.

Siku nzima ukumbini, mwaka mzima kimya

Waajiri wengi hupenda mafunzo ya siku moja kwa mwaka kwa sababu ni rahisi kuyapanga. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaona kwamba ndani ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imekwishapotea. Mambo yenye maana kwa mtu hayapotei upesi kiasi hicho, lakini mwelekeo ni uleule: kinachosemwa mara moja kinayeyuka.

Wazee wa Uchagani walioishi na mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, wanalielewa hili bila mwanasaikolojia. Maji ya mfereji huja kwa zamu, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, na siku yake, na hakuna aliyewahi kuumwagilia mgomba wake maji ya mwaka mzima kwa siku moja akasema amemaliza. Vivyo hivyo dakika kumi kila Jumatatu asubuhi, kabla zamu haijaanza, jambo moja tu, zina faida kuliko saa nane za mwezi Aprili.

Dakika hizo kumi zianze kwa kuuliza. "Juma lililopita tulisema nini kuhusu ngazi?" Wakumbuke wenyewe kabla hujawakumbusha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walihifadhi zaidi baada ya juma moja kuliko waliosoma tena maandishi yaleyale. Na katika dakika hizo yaletwe matukio ya nusura ya juma zima, bila kumtaja aliyekosea kwa ubaya. Aliyeripoti akikaripiwa mara moja tu, hakuna atakayeripoti tena, na ile nondo itaendelea kudondoka kimya kimya.

Kuhusu kuwatisha watu kwa picha za viungo vilivyokatika, nina neno moja. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake, Chuo Kikuu cha Yale, waliwapa wanafunzi vijarida kuhusu pepopunda. Vile vya kutisha sana viliwatia hofu na kuwafanya waseme chanjo ni muhimu. Waliokwenda kuchanjwa kwa wingi, hata hivyo, ni wale waliopewa pia ramani yenye kuonyesha kliniki ilipo na wakaombwa wapange muda wa kwenda: asilimia 28 hivi, dhidi ya asilimia 3 ya wasiopewa maelekezo hayo. Hofu isiyo na hatua ya kuchukua humfanya mtu afumbe macho. Ukionyesha picha moja, mara hiyo mwonyeshe pia kava linapofungwa, spana yake ilipo, na nani ana ufunguo wa stoo.

Mahali mafunzo yanapoishia

Sasa tufike kwenye lile ambalo waajiri hawapendi kulisikia. Mwaka 2012 Lynn Robson na wenzake walipitia majaribio 22 ya mafunzo ya usalama. Walipata ushahidi wa nguvu kwamba mafunzo hubadilisha yale watu wanayotenda kazini. Lakini hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mafunzo peke yake hupunguza majeraha na magonjwa. Maana yake ni kwamba ukimfundisha mtu vizuri kisha ukamrudisha kwenye mashine mbovu, mashine inaweza kushinda.

Wataalamu wa usalama hupanga kinga kwa ngazi. Kwanza ondoa kihatarishi kabisa. Usipoweza, badilisha kwa kingine chenye madhara madogo. Usipoweza, kitenge na watu kwa kava, uzio au feni ya kufyonza vumbi. Baada ya hapo ndipo zinakuja taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa vifaa kinga: glavu, miwani, helmeti, mabuti. Kwetu tumezoea kuanzia mwisho. Mtu ananunuliwa barakoa ya kitambaa ya kuzuia vumbi la mawe, ambayo haizuii chembe ndogo zinazofika ndani ya pafu, wakati kukata jiwe huku likimwagiwa maji kungelituliza vumbi pale linapozaliwa. Na ni vema ijulikane kwamba Mkataba wa ILO Na. 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kumkata mtu mshahara kwa ajili ya glavu hakuna utetezi.

Muda nao ni gharama, na hapo ndipo mafunzo mengi mazuri hufia. Anayelipwa kwa kipande, kwa ndoo ya kahawa au kwa tofali, anapoitwa kwenye kikao cha nusu saa anahesabu alichopoteza. Hatasikiliza, na sioni kosa lake. Kikao kilipwe kama kazi, kifanyike mwanzo wa zamu watu wakiwa na nguvu.

Wanaosahaulika zaidi ni vibarua. Saidia fundi anafika kwenye jengo saa moja asubuhi, saa moja na robo ameshabeba ndoo ya zege, na jina lake bado halijaandikwa popote. Mlima Kilimanjaro ni hivyohivyo: mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, anaweza kupata safari asubuhi ileile getini. Uzito wa mzigo wake unapimwa, mwisho kilo 20 kwa mujibu wa hifadhi, na hilo limesaidia sana migongo ya vijana wetu. Lakini ugonjwa unaoletwa na urefu wa mlima haupimwi kwenye mizani, na wagumu huugua kama wageni, huku wengi wakificha ili wasikose safari ijayo.

Kwa watu hawa, siku ya ukumbini haitakuja kamwe, kwa hiyo mafunzo yatoshe kwenye robo saa. Kwenye jengo: mwongoze kibarua atembee eneo lote kwa miguu, mwonyeshe palipo na shimo lisilofunikwa, mahali vitu vinapodondoka na pa kupitia, mpe helmeti inayomkaa, mtambulishe kwa mtu mmoja kwa jina ambaye atamwuliza bila woga, kisha akuongoze yeye kurudi mlipoanzia akikutajia alichokiona. Kwa wagumu: kabla gari halijaondoka Moshi, wote wapange mstari na kutembea hatua kumi, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya nyuma. Kila mmoja ajue kwamba kule juu, mwenzake mwenye kichwa kinachouma akishindwa kutembea hivyo bila kuyumba, anateremshwa saa hiyohiyo, usiku au mchana, na malipo yake ya safari hayakatwi. Hilo la malipo mkuu wa msafara aliseme yeye mwenyewe, mbele ya wote, kabla ya kuanza kupanda.